Dawa ya Neema na Bibi Yake

Jumamosi, mchana

Nimemfokea mama mkwe, na sasa naona haya.

Asubuhi nilitafuta dawa ya mwanangu Neema nyumba nzima. Kumbe Mama ameificha kwenye gunia la karanga alilokuja nalo kutoka Kongwa. Jana kliniki alimsikia daktari akisema ni dawa ya presha.

"Mtoto wa miezi mitano ana presha gani? Mnataka moyo wake usimame?"

Nilipotulia nikamwonyesha picha ya zamani ya Neema, alama yake nyekundu ya kuzaliwa imevimba hadi kufunika jicho. Nikamweleza kuwa dawa hii inabana vile vimishipa vya damu, ndiyo maana alama inanywea. Na simpi kabla hajanyonya, sukari isije ikashuka.

Sikumwambia kuwa hata mimi, kila nikimpa, nahesabu pumzi zake.

Mama alimtazama Neema. Neema naye akamtazama, kwa macho yote mawili.

Nilipomaliza kumnyonyesha, Mama alikuwa ameshakaa kando yetu na kikombe cha maji na vidonge vyake vya presha, vile anavyovikwepa kila siku.

"Haya, mjukuu wangu," alisema. "Anza wewe, mimi nafuata."