Amri ya Vikombe, na Mdomo Wangu

Alhamisi, mwezi wa tatu, 1978. Mabamba.

Mvua toka asubuhi. Imekatika saa nane, imerudi. Nyumba inavuja palepale kwenye kona. Leo sijali.

Pombe yangu imeisha. Yote. Mtumbwi wa pombe, ule gogo lililochongwa, mkavu.

Na mimi sijalewa.

Naandika polepole, mwalimu wa kisomo anasema herufi zangu zinalala. Zilale. Leo nina mambo ya kusema na sina wa kumwambia.

Jumatatu mwenyekiti wa kijiji alituita. Alikuwa na Bwana Afya, kijana wa Kipare aliyeletwa Kibondo mwaka huu. Kuna ugonjwa wa kuhara umesikika mbali huko, haujafika kwetu, wanataka usifike. Basi wakatusomea amri sisi wenye vilabu. Maji ya kupikia pombe yachemke. Kila mnywaji aje na kikombe chake, hakuna kuzungusha kibuyu. Na muuzaji asitie mdomo wake kwenye chombo cha mnywaji. Atakayevunja ananyang'anywa leseni.

Nikasimama. Nikasema, hizo mbili sawa. Hiyo ya mdomo mmetaka kuniua.

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Mama Bukuru, kaa chini. Hii ni amri, siyo shauri."

Nikakaa. Nimenuna.

Bwana Afya hakuelewa kwa nini nimenuna. Kwao labda mtu anapewa kikombe anakunywa tu. Kwetu siyo hivyo. Anayekupa pombe anaonja kwanza, unamwona kwa macho. Sumu inakaa kwenye ukucha, ndivyo tunavyosema tangu wazee, mtu anachovya kidole akikupa. Akionja mbele yako, maneno yameisha. Asipoonja, hata awe mama mzazi, unaweka chini unaondoka.

Na mimi ni mjane. Mume wangu alikufa kwa homa mwaka wa nne huu. Mjane anayeuza pombe, watu wanamtazama vidole kuliko uso. Mwingine akisahau kuonja anasamehewa. Mimi hapana.

Sasa niseme neno ambalo sijamwambia mtu.

Mimi sipendi pombe.

Sijawahi kuipenda. Inanichoma tumbo. Mume wangu akiwa hai mimi nilikuwa napika, yeye ndiye anaonja, na alikuwa anaonja kwa bidii. Alipokufa mdomo ukabaki wangu. Huyu funda, yule funda, kila kikombe kinachotoka. Mpaka jioni nimelewa na kiu sikuwa nayo. Nimeunguza uji. Nimelala mlangoni kwangu, jirani akanifunika kanga. Binti yangu Bukuru, ameolewa Kabanga, alikuja kunitembelea akanikuta naongea na kuku. Alilia. Nilimwambia hii ni kazi, mwanangu. Sikumwambia kwamba siipendi hiyo kazi mdomoni.

Ningesema sipendi pombe yangu mwenyewe, nani angeinywa?

Kuiacha siwezi. Siku nne kwa wiki naponda kokoto za barabara, lakini barabara ina mwisho. Ikiisha, kibarua kimeisha. Na Kasulu kuna shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Ametuma maneno mara mbili. Mjane haishi peke yake, nyumba ipo, njoo urithiwe kama desturi. Nyumba ipo kweli. Na mke yupo ndani yake, mwanamke mwema, hajanikosea kitu. Mimi sitaki. Sitaki kulala kwa zamu. Namjibu "bado, bado, nina kilabu." Siku sina kilabu, sina neno la kumjibu.

Ndiyo maana nilinuna.

Jana pombe iliiva. Nzuri, ndizi zilikuwa zimekolea. Watu wakaja, na vikombe wameleta, amri wameishika. Wa kwanza Misigaro. Huyu ni Mrundi, alivuka mpaka mwaka wa sabini na mbili na mkewe na jembe, analima karibu na mimi. Mtu mpole. Nikamchotea nikampa. Akashika kikombe, akangoja.

"Onja, mama."

"Nimekatazwa."

"Basi sina kiu."

Akaweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali.

Nyuma yake Gwasa, yeye mdomo hana kufuli. "Mama Bukuru, kumbe leo ndiyo umeamua kutumaliza?"

Wakacheka, lakini walikuwa wanasogea nyuma. Wakaondoka wote. Hakuna kikombe hata kimoja kilichonyweka. Pombe ya ndizi haimngoji mtu, kesho ni kali, keshokutwa ni siki. Nikakaa na mtumbwi umejaa, namwona shemeji kichwani.

Niliwaza nionje kwa kujificha. Naandika kwa sababu ni kweli. Bwana Afya hawezi kuwa kila kilabu.

Leo nimetoka kwenye kokoto mapema kwa sababu ya mvua, nikafungua. Kidogo tu, nani anakuja na baiskeli, tope mpaka magotini? Yeye, Bwana Afya. Amekuja kukagua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa uone ulichofanya."

Akakaa. Mvua ikaongezeka, na watu waliokuwa njiani wakaingia chini ya paa langu. Siyo kwa kunywa. Kwa kujikinga. Misigaro yumo, Gwasa yumo, na wale ninaoponda nao kokoto. Wamekaa wanatazama mtumbwi, mtumbwi unawatazama. Harufu imejaa, maana pombe siku ya pili ndiyo inanukia zaidi.

Gwasa hakuvumilia. "Bwana Afya, wewe ndiye umemkataza mama kuonja?"

"Ni kwa afya zenu, ndugu yangu."

"Sawa. Basi onja wewe."

"Ego, ndiyo!" wakaitikia wote. "Aonje yeye!"

Kijana akatazama mlango. Mvua. "Jamani, mimi dini yangu hainiruhusu pombe."

"Dini imekataa, serikali imekataa," Gwasa akasema. "Sisi tufe na kiu, tuzikwe tuna afya."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Bwana Afya akatoa kitambaa akafuta uso, na baridi ilikuwa inauma.

Mimi sikucheka. Nilipandwa na hasira, siyo kwa mmoja, kwa wote. Huyu anakataza mdomo wangu. Hawa wanautaka mdomo wangu. Shemeji naye anangoja. Hakuna aliyeniuliza mdomo huo ni wa nani.

Nikachukua kata ya kuchotea, nikamtupia Misigaro mapajani.

"Jichotee mwenyewe! Mkono wangu haumo. Hutaki, toka ukanywe mvua."



Mgeni kujichotea ni aibu kwetu. Ni kama kuiba na mwenyewe anakuona. Na kumtupia mtu kata ni kumfanya mbwa. Hata mimi niliona nimezidi. Nilitaka kuiomba ile kata irudi.

Misigaro aliishika. Halafu akainuka. Bwana Afya, hofu zote zile, bado akasema, "Nawa kwanza, mzee." Akanawa. Akachota. Akanusa. Akanywa yote amefumba macho, akakung'uta kikombe.

Akasema, "Mkono wangu mimi naujua."

Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Neno dogo hivyo.

Akataka kumpa Gwasa kata, akairudisha. "Wewe na kucha hizo? Nawa mara mbili." Hapo ndipo kicheko kikawa kicheko kweli. Gwasa alinawa mara tatu, anaonyesha mikono kama padri. Wakapanga mstari wenyewe. Mtu akishachota anakwenda kukaa, kata inapita. Mtumbwi hawakuuogopa. Wote wanakunywa mtumbwi mmoja, na hakuna anayeua kijiji kizima, hata mjane.

Mimi nilikuwa nimesimama tu. Sina kazi. Mikono inaning'inia.

Saa kumi na moja mtumbwi umekauka. Bwana Afya akaandika kwenye karatasi zake, akaniambia, "Mama, umeitii amri vizuri. Nitawaambia na wengine wafanye hivi."

Nikamwambia, "Sikutii. Nilikasirika."

Akacheka, akapanda baiskeli. Kijana hana ubaya.

Nimerudi nyumbani nimenyooka. Kuni zimewaka mara moja. Maharage hayakuungua. Nimekula nikasikia chumvi. Miaka minne siku ya pombe sijui chakula kina chumvi au hakina.

Nimeshusha pumzi mpaka nikasikia aibu.

Maana naijua serikali. Ilitupanga nyumba kwa mstari. Ikatuambia tulime nini, kilabu kifunguliwe saa ngapi, kifungwe saa ngapi. Mengine mazuri, mengine siyajui, mengine ya bure. Maji ya kuchemsha, sawa, nina macho, nimeona watoto wanavyohara. Vikombe, sawa. Lakini mtu mzima kuambiwa mdomo wake uende wapi, hapana. Leo bado nasema hapana.

Na hiyohiyo amri ndiyo imenitua mzigo.

Nishukuru? Nani? Nimekaa hapa najiuliza na jibu silipendi. Kata ilikuwa yangu. Mkono wa kuitupa ulikuwa wangu. Miaka yote hii ningeweza kusema, jichoteeni, mimi sinywi. Hakuna aliyenifunga. Niliogopa wataniita mwenye sumu, nikaona heri waniite mlevi. Nikangoja mpaka mtu wa Kibondo aje na karatasi.

Hilo linaniuma. Linauma kidogo, chini ya raha.

Nimeamua hivi. Ugonjwa ukipita, amri ikafutwa, waje waseme mama onja sasa ruksa. Sionji. Hapo atakuwa amekataza Mama Bukuru, siyo Bwana Afya.

Na "bado" nayo nimechoka kuisema. Mwanaume anayeambiwa bado anangoja, ana haki ya kungoja. Kosa ni langu.

Kesho Ijumaa kuna lori la kwenda Kasulu. Sitatuma maneno ya mdomo, yanageuka njiani. Karatasi ninayo, na herufi zinazolala. Nitamwandikia shemeji salamu, nitamuuliza hali ya mkewe, maana namheshimu. Halafu neno moja, kwa mkono wangu.

Siji.