Dumu Langu la Mwani

Shoga, nichimbie shimo nijifukie.

Leo si ndio wageni walikuja kuona dizeli niliyokamua kwenye mwani? Nikabeba dumu, nikatia kwenye jenereta. Likanguruma! Nikawaambia, "Nuseni, mnasikia harufu ya bahari?" Wakafumba macho. "Kweli, bahari!" BAHARI, shoga!

Wameondoka tu, dereva wetu ananiuliza, "Dada, dumu langu la dizeli ya kituoni umelipeleka wapi?"

Nikamuuliza, "Na langu la mwani je?"

"Si ndilo nimewajazia wageni? Gari lao lilikuwa limeishiwa mafuta."

Nikawapigia simu wageni. Wamefika salama salimini, eti gari limevuta kuliko jana!

Yaani siku mwani wangu umekubali, mimi niko uani nawanusisha watu dizeli ya kituoni.