Herufi ya Walio Hai

Mume wangu Idi,

Shikamoo yako imefika hapa Katubuka. Marahaba. Babu yako anakohoa, ila kugombana na majirani hajaacha. Mama yako yuko Kalinzi, anavuna kahawa.

Umeuliza kwa nini programu yako, ukiiandikia -h uliyoiweka iwe ya hesabu, inamwaga maelekezo ya Kiingereza halafu inanyamaza. Swali hilo nalijua, mjukuu wangu, na silipendi.

Miaka ile wakimbizi wanavuka ziwa, niliajiriwa kuwatafutia ndugu zao kwenye kompyuta. Fundi alituachia programu ndogo: unaandika jina, kisha -h kwa aliye hai au -k kwa aliyekufa. Wafu iliwataja vizuri. Ukiweka -h, yanakuja maelekezo tu. Bosi akasema, "Jina halijatoka, basi hayupo. Kompyuta haikosei."

Mama mmoja wa Burundi akamuulizia mwanawe. Tukamwambia hayupo. "Basi sina ninayemngoja huku," akasema, akapanda boti kurudi ng'ambo.

Nilibaki na hasira. Nikaandika -h peke yake, bila jina. Maelekezo yaleyale! Kumbe -h ilishatengwa kwa kuomba msaada. Programu ikiiona, inaeleza matumizi yake na kuacha kazi. Nikaingia ndani ya programu, nikaweka -z, ya wazima, badala ya -h, nikaandika jina la yule mtoto. Likatoka. Alikuwa kambini, mzima.

Bosi akafurahi: "Safi, imepona."

Badilisha herufi, Idi. Ni kazi ndogo sana. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Bibi yako