Wachezaji Wasio na Mpira

Landi za Reli,
Nakuru.

Jumapili, 8 Novemba 1959

Asubuhi ya ukungu. Mvua ya usiku imekatika, lakini mlima Menengai hauonekani, na kuni zinatoa moshi tu.

Mpendwa kaka Masinde,

Mulembe, mwana wa mama. Natumaini barua hii itakukuta karibu na moto, maana uliandika kwamba huko Ohio miti imebaki mifupa na maji yanaganda nje. Vaa ile sweta hata kama wenzako wanaicheka. Sisi hatujambo. Kikohozi cha Baba kimepungua tangu alipotolewa kwenye injini akawekwa stoo ya karakana. Mwewe amechukua vifaranga viwili. Mengine yako kama ulivyoyaacha.

Rangi ulizonitumia zilifika Agosti. Tyubu ya buluu ilipasuka njiani ikapaka soksi ulizomfungia Baba, naye anazivaa hivyo hivyo kanisani. Jina lake, akriliki, niliwatajia watu wa duka la vitabu mjini. Hakuna aliyewahi kulisikia.

Uliuliza zinafanyaje kazi. Zinachanganywa na maji kama zile tulizotumia sekondari, lakini zikikauka hazirudi nyuma. Ukienda kuonja mboga jikoni, ukirudi brashi imekuwa mti. Mimi, unijuavyo, nilianza kwa rula. Nilipata kipande cha turubai kuukuu la behewa, nikalipaka gundi ya seremala iliyokorogwa na ule unga mweupe unaochimbwa Kariandusi. Mume wa jirani yetu Eucabeth Akeyo anafanya kazi huko, akaniletea mfuko. Nikapiga miraba kwa penseli, nikachora watu wanaocheza ngoma, kila mmoja na macho yake na vifungo vya shati.

Eucabeth akachungulia dirishani, karai la nguo kichwani. "Mwalimu, hawa wanangoja treni ya Kisumu?"

"Wanacheza ngoma."

"Kumbe! Basi hiyo ngoma imewauma miguu."

Nilimnunia wiki nzima, lakini alisema kweli. Jumamosi moja Baba akiwa kazini niliwafunika wote kwa nyekundu na nyeusi. Rula nikaiweka kando. Kwa kuwa rangi haingoji mtu, nami sikungoja: nilitumia kitambaa, kisu cha mkate, na mwisho viganja vyangu. Sikuchora tena mtu, nilichora njia aliyopita akiruka. Mgongo ukawa upinde, mguu ukawa mstari mmoja, nyuso sikutia. Nilipopumzika nikaona kwamba yule wa katikati ni Mama. Ni mabega yake, kaka, yakipanda na kushuka kama alivyokuwa akifanya akisonga ugali Baba akiwa shifti. Nikamtia madoa ya njano kwenye vifundo vya miguu. Ni njuga zake.

Njuga zile unajua zilikoishia. Mwaka alipookoka, Baba alizibeba mwenyewe kazini akazitupa katika tanuri ya injini, kisha akatuambia ngoma haitaingia tena nyumbani kwake, si kwa mguu wala kwa mdomo. Mpaka tunamzika, Mama hakucheza tena mbele yake. Sasa mimi nimeirudisha ngoma, tena na Mama mwenyewe ndani yake. Baba akijua, picha itazifuata njuga, na rangi zako zitaifuata picha. Hilo ndilo linaloninyima raha, na ndilo lililonikalisha kukuandikia kabla ya chai.

Utauliza kwa nini niliitoa nje. Mwalimu mkuu alitaka kila mwalimu apeleke kazi moja ya mikono kwenye maonyesho ya Ukumbi wa Jamii, nami sikuwa na nyingine. Tena Baba hakanyagi ukumbini kwa sababu ya dansi za Jumamosi. Nikajiona nina akili.

Karani wa pale, kijana anayeitwa Kiptanui, aliniuliza: "Mwalimu, hawa ni akina nani?"

"Wachezaji," nikasema, nikaenda zangu.

Jana nilirudi nikakuta ameandika chini ya picha, kwa herufi kubwa: WACHEZAJI WA MPIRA. Kiptanui hata usingizini huota mpira. Nilikuwa nafungua mdomo nimsahihishe, nikasikia sauti ya Baba nyuma yangu. Mtu wa stoo alikuwa amemwambia kwamba binti yake amechora timu ya Reli.

"Mzee, huyu wa katikati ni golikipa," Kiptanui akamweleza. "Ona alivyoruka! Hiyo ni penalti ameitoa."

Baba akacheka. Kaka, mara ya mwisho ulimsikia lini Baba akicheka? Akaninyooshea kidole mbele ya watu: "Huyu ni wangu." Kisha akasema leo baada ya ibada atawaleta wazee wenzake wa kanisa waje waone.

Nikisema kweli mbele ya wazee nitamvunjia heshima, na nikinyamaza namdanganya kwa mdomo uliofungwa. Laiti ungekuwa hapa unikanyage mguu chini ya meza kama zamani, nijue wakati wa kusema. Kengele inalia. Naweka kalamu.

Jioni.

Walikuja watatu, kofia mkononi. Mzee Ogola hajabadilika, bado anauliza maswali mpaka mahubiri yanachelewa. Aliisogelea picha karibu aiguse kwa pua.

"Ndugu zangu, timu gani hii isiyo na mpira?"

"Mpira uko juu, mzee," Kiptanui akasema. "Umepigwa."

"Juu wapi? Nimetafuta mpaka kwenye misumari. Na golikipa gani huyu hana viatu, ana manjano miguuni?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa tayari, kaka. Pumzi nilikuwa nimeshaivuta.

Baba alikuwa anayatazama yale madoa ya njano. Jana kicheko kilimzuia kuyaona. Leo hakuwa akicheka. Akasema polepole, bila kunitazama: "Mpira umetoka nje, Mzee Ogola. Wanaungoja."

Wazee wakaangua kicheko, wakaenda kutazama vikapu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Kwenye reli tulisimama kulipisha garimoshi la mizigo. Moto wa injini ukatumulika, Baba akageuza uso. Behewa la mwisho lilipopita akasema:

"Umeinua bega la kulia. Mama yako alianza na la kushoto."

Basi. Akavuka.

Ningefurahi, lakini naona hofu yangu imehama tu, haikuondoka. Jana nilijiogopea mimi na picha yangu. Leo namwogopea yeye. Hajapata kuwaficha wazee wenzake jambo lolote, na leo amewaficha kwa ajili yangu, au kwa ajili ya Mama, sijui. Alhamisi wana kikao, na Ogola si mtu wa kusahau swali. Chakula hakukigusa. Amekaa kwenye ngazi ya nje na Biblia magotini, haijafunguliwa.

Picha inarudi Jumanne. Hakusema niichome, wala hakusema niitundike. Jambo moja alilosema ni la bega, nami sitaki kuligusa bila uhakika, maana rangi hii haifutiki, ni kupaka juu yake tu. Wewe ndiye mkubwa, ulimwona Mama akicheza ngoma uwanjani wakati mimi bado nabebwa mgongoni. Lilikuwa bega gani?

Eucabeth anakusalimu, anauliza kama Marekani kuna dagaa wa omena. Nisalimie mwenzako wa chumbani, Micah Kemboi. Mwambie nilimwona mama yake sokoni juzi akitoka Subukia, mzima, analalamika kwamba mwanawe haandiki. Baba angekutumia salamu kama ningethubutu kumwendea sasa, kwa hiyo zihesabu zimefika. Mungu aliyekuvusha maji yale makuu akuvushe na baridi yake pia, na akurudishe ukitujua.

Mimi dada yako akupendaye daima,

Nasimiyu

Jumatatu, kabla ya kufunga bahasha. Jana nililala saa nane na robo. Kabla ya hapo nilisimama gizani katikati ya chumba, nikajaribu mabega yote mawili, moja baada ya jingine. Usihangaike kunijibu lile swali. Ni la kushoto.