Mchunga Mawingu wa Butihinda

Magarama, Gitega
Jumatano, 20 Septemba 2023

Kwako kaka yangu Longino,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikiomba barua hii ikukute umekaa kitini na si kitandani na ule mgongo wako. Wifi yangu Emiliana kifua kinaendeleaje? Kastori nimesikia amepanda darasa. Mwambie shangazi yake amefurahi, ila nafasi ya kumi na nne kati ya hamsini na mbili bado inaweza kusogea. Mimi ni mzima. Duka nalo ni zima. Mvua ya kwanza imenyesha hapa Jumapili, mabati ya watu yamevuja, kwa hiyo misumari inatoka.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Kwenye simu unaniwahi, kaka. Nikisema neno moja wewe umeshasema sita, na mwisho nakubali jambo ambalo sikulikubali. Barua huwezi kuikatiza. Isome mpaka chini, halafu ndiyo ukasirike.

Nianze na kitabu.

Mkabala na duka langu anauza mitumba mama mmoja Mkongomani anayeitwa Marceline, mtu wa Uvira, mwenye maneno mengi na roho nzuri. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumanne, alifungua robota la nguo za watoto, na katikati ya sweta kikatoka kitabu kikubwa chenye jalada la kijani. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu nampimia mteja misumari. Nikaona buti mbili za njano. Kaka, niliona buti tu, kwa upande wa pili wa barabara, na nikajua.

Ni kile kile. Si nakala yetu, maana yetu ilikuwa imeungua pembe moja na hii haijaungua, lakini ni kile kile. Yule mzee mfupi mwenye miguu ya chura, anayechunga mawingu kwa fimbo kama watu wanavyochunga ng'ombe. Yule msichana wa buti za njano anayetafuta wingu moja lililopotea. Kijito kinachopanda mlima badala ya kushuka. Kurasa arobaini, picha ishirini na mbili, hakuna iliyochanwa. Nimehesabu mara mbili. Kwa hiyo ile miaka kumi na moja uliyonisimanga mbele za watu kwamba Kasilda ndiye aliyepoteza kitabu cha baba siku ya malori ya kurudi kutoka kambini, sasa unaweza kupumzika. Kimerudi chenyewe.

Nilikaa chini kwenye turubai la Marceline, katikati ya soksi, nikaanza ukurasa wa kwanza. Marceline akaniuliza, "We Mama Misumari, iko nini? Umerudia maternelle?" Kweli nilikuwa kama mtoto wa chekechea, nikageuza ukurasa. Yule mteja wangu alivuka kunifuata, akanikuta, akainama kuangalia juu ya bega langu, naye hakuondoka. Ni fundi mwashi, mtu mzima mwenye ndevu. Aliniomba nisigeuze haraka. Tulipofika kwenye picha ya mawingu yakinyweshwa maji kwenye birika, alisema hapana, yule mdogo wa nyuma hanywi, anajifanya. Nikatazama vizuri na ni kweli, hanywi. Miaka yote ile kambini sikuwahi kuliona hilo.

Marceline alikuwa ameshakiahidi kwa binti yake, kwa hiyo tulibishana. Mwishoni alikubali kilo mbili za misumari ya bati pamoja na sharti kwamba binti aje kukisoma dukani siku yoyote anayotaka. Anakuja kila siku. Anakuja na wenzake. Jana walikuwa tisa, wamekaa juu ya mifuko yangu ya saruji, na mama mmoja aliyemfuata mwanawe kumchapa akaishia kukaa pia. Mimi sielewi. Maneno yaliyoko chini ya picha ni ya lugha yenye vinukta juu ya herufi, hakuna wa kuyasoma hapa mtaani, na hakuna anayeuliza. Mwalimu mmoja aliniambia anaweza kumtafuta mtu wa kuyatafsiri. Nikamwambia aache.

Sasa ndiyo nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka baba alivyokuwa akikifungua siku za Jumapili tukitoka ibadani. Hakuwa anasema njooni tusome. Alikuwa anasema twendeni nyumbani. Anaweka kidole kwenye mlima wa matuta na kutuambia hapa ni Butihinda, hapa alipita babu, huku ndiko tulikochota maji. Wewe ulimpiga mtoto wa jirani ngumi kwa sababu alisema Burundi hakuna watu wenye miguu ya chura. Mimi nilizaliwa kambini. Sikuwa na Burundi nyingine yoyote ya kulinganisha na ile. Nilijifunza hata kuhesabu humo. Nyayo za yule msichana, kutoka kwenye mti mpaka kwenye mawe, ni kumi na tisa.

Umeshaona ninakokwenda, au bado?

Ukurasa wa kumi na saba, kaka. Kushoto kuna mti uliopasuka katikati kuanzia juu mpaka kwenye shina. Kulia kuna mawe matatu yaliyolala kama ng'ombe wanaocheua. Baba alikuwa anaweka kidole gumba kwenye mti na cha shahada kwenye mawe, na kusema itongo letu, ardhi ya ukoo wetu, ni hapa mpaka hapa.

Tuliporudi mwaka 2012, yeye akiwa ameshazikwa kule kambini na mama pia, sisi wawili tulipanda kile kilima na kuukuta mti umepasuka. Tukakuta na mawe matatu. Ulipiga magoti. Mimi nililia mpaka wenyeji wakadhani nimeumwa tumbo. Na kuanzia siku ile hatukusema tena kwamba tuliona kitabuni. Tulisema baba alituambia. Sikumbuki ni nani kati yetu aliyeanza kusema hivyo. Nimejaribu sana kukumbuka.

Julai uliniita kutoa ushahidi mbele ya wazee wa kilima, dhidi ya jirani yako Venansi, anayelima kati ya ule mti na yale mawe. Sikuficha wakati ule na sifichi sasa kwamba nilikuja nimevimba. Matanga ya baba yalipoanuliwa na mali ikagawanywa, ulisema mtoto wa kike atakula kwa mumewe. Mume sikupata, nikapata duka, tena kwa mikono yangu, nikianzia kuokota misumari iliyopinda kwenye majengo na kuinyoosha kwa jiwe. Lakini ulipohitaji mtu wa kusema kwa ufasaha mbele ya wazee, ukakumbuka kwamba una dada. Nilikuja hata hivyo. Nilitaka uone jinsi ninavyoweza.

Nilipotoka hapo nilikuwa na uhakika. Baada ya kitabu, nikaanza kulala vibaya. Nilijiambia baba alichagua ukurasa ule kwa kuwa ulifanana na itongo lake. Mtu aliye mbali huonyesha kwa kile alicho nacho. Inawezekana kabisa. Siku ya pili najiambia aliupenda ukurasa, akaweka itongo humo kwa kukosa pengine pa kuliweka. Hiyo nayo inawezekana. Mtu wa hesabu hawezi kukaa na majibu mawili, basi Jumamosi nilifunga duka nikaenda Gasorwe kwa shangazi Melania, dada pekee wa baba aliyebaki, ambaye hakukimbia.

Alinipikia muhogo, akanilaumu kwa kukonda, akaniuliza kama Gitega hakuna wanaume. Nilipomtajia mti uliopasuka alicheka. Aliniambia ule mti baba yenu aliuacha mzima kabisa, una kivuli cha kutosha kanisa. Ulipigwa na radi. Nikamuuliza lini. Akasema mvua ile ile iliyomkuta akimzaa binti yake Dorotea, alipokuwa amekwenda kumsalimu mama yake kilimani, na radi ndiyo iliyomshtua uchungu. Dorotea alikuwepo jikoni. Nikamwomba kitambulisho chake. Amezaliwa Novemba 1996.

Baba alivuka mpaka mwaka 1993, kaka. Miaka mitatu. Hakuwahi kuuona ule mti ukiwa umepasuka.

Kwa hiyo mti aliotuonyesha baba ni wa kwenye kitabu, na mti tulioupigia magoti ni wa radi, na sisi ndio tulioiunganisha. Mawe shangazi anasema yalikuwepo siku zote, ila hajui yalikuwa ndani ya itongo au nje. Mpaka wenyewe walijua watu wawili, baba yetu na baba yake Venansi, na wote ni marehemu. Huenda ardhi ni yetu. Huenda si yetu. Hata hatua tano zake huenda ni zetu na zilizobaki si zetu. Sijui, na sijazoea kutojua.

Lakini hili linalofuata nalijua, na sikuwahi kumwambia mtu.

Wazee walikuwa hawajashawishika siku ile. Venansi alikuwa amesema vizuri, kwa upole, na mzee mkuu alikuwa anamtazama yeye. Ndipo nikasimama nikasema baba alituhesabia: kutoka mtini mpaka kwenye mawe ni hatua arobaini na sita. Wakatuma mtu apime. Arobaini na sita kamili. Uliona walivyotazamana. Mzee mkuu akasema mtu hawezi kuota namba. Venansi akainamisha kichwa, akaambiwa asipande chochote pale mpaka hati ya kuturudishia ardhi isainiwe.

Baba hakunitajia namba. Nilipima mwenyewe jioni iliyotangulia, wewe ukiwa umeenda kununua pombe ya ndizi ya wazee. Nilipima ili nijue, kama ninavyopima kila kitu. Kesho yake nikaiweka namba yangu kinywani mwa marehemu. Namba pekee niliyopata kwa baba ni kumi na tisa, na hiyo ilikuwa ya buti za njano.

Tarehe thelathini nilitakiwa kuja kusaini. Sitasaini. Nimemwandikia mzee mkuu habari ya hatua arobaini na sita na ya mwaka wa radi, nimemwomba amruhusu Venansi apande, kwa kuwa mvua imeshaanza na ana watoto saba. Barua yake nimempa dereva jana. Hii yako inaondoka leo. Nimepanga hivyo makusudi, maana nakufahamu.

Utasema nimelipiza kisasi cha kunyimwa fungu langu. Nimelifikiria hilo, Longino, kwa uaminifu wote, na siwezi kuapa kwamba halimo. Asubuhi naona nimetenda haki, mchana naona nimemuuza kaka yangu. Na katikati ya yote hayo kitabu kile bado nakifungua kabla sijafungua duka. Kimenidanganya na bado natamani kurudi mle, na nikirudi namkuta baba.

Nakuomba jambo moja tu. Wewe uliondoka pale ukiwa na miaka minne. Kaa peke yako, weka kitabu pembeni kabisa, uniandikie unachokumbuka kwa macho yako mwenyewe: mlango ulitazama wapi, mama alianika wapi mahindi, uliporuhusiwa kuchezea paliishia wapi. Hata kitu kimoja kitatosha, tutakipeleka kwa wazee pamoja na tutasimama nacho. Na kama hakuna, andika kwamba hakuna, nisibaki nikidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa naishi kwenye picha.

Msalimie Emiliana, umpe dawa ya kifua niliyoifunga pamoja na barua hii, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, si zaidi. Mbusu Kastori. Ukimkuta Venansi njiani, msalimie pia, kwa jina langu kama kwa lako huwezi.

Nabaki kuwa mdogo wako, ukinitaka na hata usiponitaka,

Kasilda