Sauti ya Mtumishi wa Tajiri

Ndiyo dada, ni kweli, safari hii nasema kwenye mchezo. Jirani hakukudanganya. Lakini salamu kwanza, usije ukasema televisheni imenilevya: hujambo wewe, shemeji hajambo, na wapwa zangu wamepona ile surua? Mimi mzima. Mfuko ndio mgonjwa, na huo umeshazoea.

Umeniambia mama sasa anajua kumekucha kwa joto la dirisha tu. Nililia, halafu nikacheka, maana alipokuwa anaona vizuri, mle kwenye televisheni mimi nilikuwa naonyeshwa kisogo.

Unakumbuka? Hawa jamaa wanachukua riwaya za zamani, zile nene walizosomeshwa wenye bahati, wanazifanya mchezo wa televisheni. Ya kwanza nilikuwa maiti, nimelazwa kifudifudi. Mama akaita mtaa mzima, akawaambia mwanangu anajua kufa. Ya pili nilimshikia bibi harusi mwavuli, ukaonekana mkono peke yake. Mama akasema mkono ule kauzaa yeye.

Hii ya tatu mimi ni mtumishi wa tajiri. Naingia na kofia kifuani, namwambia bwana, mwanao harudi, farasi wake amekuja peke yake. Basi. Nilifanya mazoezi chumbani mpaka mwenye nyumba akabisha hodi kunipa pole ya msiba. Mwongozaji naye akanisifu, akauliza uso wa majonzi vile nimeutoa wapi. Nikamwambia kwenye kuuza viatu vya mitumba siku za mvua.

Na mama, unasema, haombi tena kuona. Anaomba asikie sauti yangu ikitoka mle ndani kabla hajafa. Ameshawaonya watu Jumamosi mchezo ukionyeshwa wasikohoe.

Dada, haitatoka. Jana tuliitwa kutazama. Mdomo ni wangu, unafunguka vizuri kabisa, lakini inatoka sauti ya mtu mwingine, nzito, iliyosoma. Mwongozaji akasema yangu inanuka soko, na riwaya ni ya watu wa heshima, ndiyo maana wamemwita mtangazaji akatia yake. Nikamwomba anirudishie hata ile ya farasi tu. Akasema kazi imeshafungwa, na kitabu kinachofuata hakina nafasi yangu.

Mama hadanganyiki. Hata nikipiga chafya nyumba ya tatu ananijua. Nimekuandikia kwa sababu simu yako anaisikiliza na yeye. Karatasi haina mdomo.

Nisalimie wote, na mama mshike mkono kwa niaba yangu, usimwambie kitu.

Sasa tufanye biashara. Jumamosi nitasimama kwa fundi wa televisheni, natazama. Tajiri akikaa mezani, kabla sijaingia, nitapiga. Simu yako iwe haina mlio. Pokea, fungua spika, iweke juu ya televisheni, zima sauti ya mle ndani, na yule jirani mwenye domo mpe kitu atafune. Nitamwambia mama mwenyewe kwamba mwanao harudi. Malipo yako ni lile ulilolililia miaka yote: nikimaliza la farasi nafunga virago, narudi nyumbani kwenye viatu vyangu, na neno kuigiza hulisikii tena kinywani mwangu. Umekubali?

Mdogo wako, maiti wa mtaa.