"Sisi" Niliyoichagua

Hagåtña, Guam
14 Machi 1902

Dada yangu mpendwa Rosalia,

Nisamehe kwa kimya cha miezi minane. Natumaini nyote huko Saipan mu wazima, na mguu wako umepata nafuu. Mke wangu Engracia anakusalimu. Mimi ni mzima wa mwili.

Tangu Wamarekani wachukue kisiwa chetu, nimekuwa mkalimani wa mpima ardhi wao, Bwana Lathrop. Mwezi uliopita alitaka kuupima msitu wenye nguzo za mawe za wazee wetu wa kale, pajengwe ghala la makaa ya meli. Nilimweleza kwamba hatuingii humo kabla ya kuwaomba ruhusa Bibi na Babu, mizimu ya wazee hao. Akacheka. "Waambie hao marehemu wako nchi hii sasa ni yetu," akasema. "Wakitaka kulalamika, waandike barua!"

Nikatafsiri mbele ya mawe. Tukaingia watu watano. Adhuhuri Bwana Lathrop alipotuhesabu, tulikuwa saba. Akahesabu tena, akafoka: "Mzee Baltazar, nani kawaita hawa?" Hatukuona mgeni, kila mmoja wetu alimfahamu aliyesimama kando yake.

Tangu siku hiyo mnyororo wake wa kupimia hautoi urefu uleule mara mbili. Mabegani ana alama nyeusi za vidole, na chakula hakipiti. Engracia naye huniuliza kwa nini kiti kitupu mezani petu kina joto.

Sasa niungame. Unakumbuka Baba alivyotuchapa tulipochanganya "sisi" mbili za lugha yetu, ile inayomjumlisha anayeambiwa na ile inayomwacha nje. Bwana Lathrop alikusudia ya pili. Mimi niliyaambia mawe ile ya kwanza: nchi hii ni yetu, sisi pamoja nanyi. Wenzangu wanadhani ulimi uliteleza. Haukuteleza, Rosalia. Niliwakaribisha, nao wamekuja.

Jana Bwana Lathrop alinishika mkono, akilia: "Mzee wangu, rudi ukaseme nao. Mama yangu hana mtoto mwingine." Nikirudi na kulisahihisha neno, naamini atapona, lakini nitakuwa nimewatoa wazee wetu katika nchi yao kwa kinywa changu mwenyewe. Nisiporudi, atakufa, na muuaji ni mimi.

Wasalimie wanao na majirani. Bwana Lathrop anangoja jibu Alhamisi. Nikishaamua, nitakuandikia.

Ndugu yako,
Baltazar Taimanglo